Hakikuvuja Hata Tone

Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana, mama Zaina aliingia zahanati ya mgodi wa Namtutu kuniomba glavu kuukuu. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda cha Likunja, mpishi wa kantini, nikitazama mapovu kwenye chupa. Likunja alikuwa na mrija ubavuni, mrija umeshuka hadi ndani ya chupa ya maji, na kila alipokohoa, hewa iliyotoroka kwenye pafu lake lililotoboka ilitoka ikibubujika. Chupa ni ufundi wa babu zetu. Inafanya kazi vizuri sana, ila mgonjwa hawezi kwenda nayo popote, hata msalani, bila mtu wa kumshikia. Likunja alikuwa na siku ya tano pale kitandani akisubiri kilango.

Nilimwuliza mama Zaina glavu kuukuu ni za nini, akacheka kidogo, akasema wanakata zile pindo za mkononi, zinatoa mipira mizuri ya kufungia. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kifuko cha kitambaa cha kanga, kimeshonwa kwa mkono, ndani kimewekewa nailoni. Alikiweka juu ya meza yangu kama mtu anayeonyesha kazi yake ya cherehani kwenye maonyesho.

"Ni vya vilango, dada dokta," alisema. "Tuko wanawake tisa tunashona. Unakivisha mdomoni pale kinapotolea uchafu, unazungusha mpira mara tatu, basi. Hakivuji."

Nikakichukua, nikakigeuza nje ndani.

Kilango ni kitu kidogo, urefu wake kidole cha kati. Ndani kina ulimi wa mpira. Mgonjwa akitoa pumzi ulimi unafunguka, hewa na majimaji ya kifuani yanatoka. Akivuta pumzi ulimi unajibana, hakirudi kitu. Kinaning'inia ubavuni chini ya shati na mgonjwa anatembea zake. Hilo la kutembea ndilo lililotuponza. Zamani mtu aliyetoboka pafu alikuwa mgonjwa kwa sababu kila mtu alimwona amelala. Kilango kilipokuja, akaonekana amesimama, na Kampuni ikimwona mtu amesimama haina subira naye.

Kwa hiyo wakakiongezea jicho. Jicho linahesabu hewa inayopita. Ikipita, taa ni ya njano. Isipopita saa ishirini na nne mfululizo, taa inakuwa ya kijani, na saa ya mkononi ya mfanyakazi inaandika: UMEPONA. ZAMU YAKO NI KESHO. Hiyo inaitwa Kanuni ya Kupona. Sikuitunga mimi, lakini niliisaini, nikaifundisha, na mwaka juzi nilisimama mbele ya wageni wa Kampuni nikaisifia mpaka nikapigiwa makofi.

Nilimwuliza mama Zaina nani aliwaambia wafunge vifuko. Akashangaa. Akasema ni mimi. Akanikumbusha kipeperushi kilichobandikwa mlangoni, chenye jina langu chini, Skolastika Nandonde, tabibu kiongozi: Kifaa kikae kisafi na kikavu wakati wote.

Nikaelewa pole pole, na kila nilipoelewa zaidi nilizidi kujichukia. Wanaume wale wanaswali. Mtu anasujudu, kilango kinadondosha damu na maji juu ya kanzu, juu ya mkeka wa msikiti. Mama Zaina aliniambia ilivyoanza. Ijumaa moja Mfaume, mumewe, aliacha doa kwenye mkeka, na jirani yake kwenye safu akalifuta kwa kitambaa chake bila kusema neno. Hakuna aliyemlaumu. Aibu ilimwingia Mfaume hivyo hivyo, akarudi nyumbani akasema hatakanyaga tena msikitini na najisi ubavuni. Ndipo mkewe akakata kanga yake. Mimi nina miaka sita Namtutu, nimekula pilau katika kila nyumba ya mtaa ule, na sikuwahi hata mara moja kumwuliza mtu anaswali vipi akiwa na kilango.

"Baba Zaina yuko wapi sasa?" nilimwuliza.

"Zamuni, ngazi ya saba. Taa imekuwa ya kijani tangu jana." Akatabasamu. "Tumeshukuru sana."

* * *

Namtutu wanachimba kinywe, lile jiwe jeusi laini linaloingia kwenye betri. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu na kuyachakaza, na pafu lililochakaa hutoboka hata mtu anapofunga kamba za viatu. Ngazi ya saba iko chini ya maji ya ardhini. Ili maji yasiingie, wanaijaza hewa iliyogandamizwa mara tatu ya hii tunayovuta huku juu. Kupanda kunachukua dakika arobaini, lifti ikisimama vituo vitano ili damu izoee, na mlango wake haufunguki katikati kwa sababu yoyote ile.

Jicho halikuona hewa kwenye kilango cha Mfaume kwa sababu hewa haikuwa na pa kutokea. Pafu lilikuwa bado limetoboka, hewa inavuja kidogo kidogo, inajaa kifuani nyuma ya fundo la mkewe. Chini kule asingejua. Mgandamizo unaibana hewa hiyo na mtu anajisikia nafuu. Wanaume wa ngazi ya saba walikuwa wakiniambia kifua kinakuwa chepesi wakishuka, nami nikawatania kwamba wanafurahia kuwakimbia wake zao. Walicheka. Nilikuwa daktari mchekeshaji.

Lakini lifti ikipanda, hewa ile inatanuka mara tatu. Inalisukuma pafu linakuwa kama tambara, inausogeza moyo pembeni, na damu inashindwa kurudi moyoni. Mtu anakufa kati ya kituo cha tatu na cha nne, wenzake wakimtazama, mlango umefungwa. Zamu ilikuwa inatoka saa nane. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi na tisa.

Nilimpigia simu mhandisi Ngaiza, msimamizi wa zamu. Ngaiza ni mtu msafi na mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku ile ningetoa mshahara wangu apandishe. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Akasikiliza. Akasema mfumo unaonyesha kijani. Nikamwambia kijani ni ya uongo, mtu amefungwa mdomo wa kilango kwa mpira wa glavu. Akasema anaelewa wasiwasi wangu, ila lifti inasoma taa, haisomi simu, na akianza kuisimamisha kwa maneno ya mdomo, kesho kila mke mwenye hofu atampigia.

"Halafu, dokta," alisema, "kama una shaka na Kanuni, ufunguo wa kuisimamisha unao wewe. Mimi sina."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonifanya nitake kumrushia simu. Ufunguo ulikuwa kwenye mashine yangu. Lakini walioutengeneza walihakikisha haufungui mtu mmoja. Walisema matabibu wana huruma, wataanza kuwaficha ndugu na marafiki. Ukisimamisha Kanuni, unaisimamisha kwa wote, watu mia tatu na kumi na wawili, kijani zote zinageuka njano kwa pamoja, na lifti haimbebi mwenye njano. Na zahanati iliyosimamisha Kanuni haipewi vilango vipya siku tisini, mpaka wakaguzi waje waridhike.

Sanduku la vilango ishirini lilikuwa linakuja Jumamosi. Kimoja kilikuwa cha Likunja. Chupa nilizokuwa nazo ni nne, na mwezi uliopita waliletwa watu watatu waliotoboka mapafu kwa siku moja. Siku tisini bila vilango maana yake kuna mtu, sijui jina lake, ataletwa hapa chupa zote zikiwa na watu, na mimi nitasimama mbele yake mikono mitupu. Huyo ndiye niliyetakiwa kumweka kwenye mizani na Mfaume, na nilikuwa na dakika thelathini na tano. Niliwalaani watu walioketi kwenye chumba chenye viyoyozi wakaupanga mtego huu, wakauita utaratibu, kisha nikajilaani mimi niliyeusaini.

Likunja alikuwa amesikia kila kitu. Kitanda chake kiko hatua tatu kutoka mezani kwangu. Aliisogeza chupa yake kwa mguu, taratibu, ikaegemea ukuta mahali ambapo haitapigwa teke.

"Mimi nipo tu hapa, dokta," alisema. "Sina safari."

Nikauingiza ufunguo. Mashine iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara ya tatu ikataka sababu. Nikaandika: Kanuni inasema uongo. Ikakubali, kwa sababu haina akili ya kubisha.

* * *

Simu ya ngazi ya saba iko kwenye lango la lifti, na hakuna wa kuipokea mpaka zamu ikusanyike pale kupanda. Ilipolia, ilichukuliwa haraka, na kelele nyuma yake zilikuwa za watu waliozuiwa kwenda nyumbani. Mgandamizo unaibana sauti inakuwa ya puani, lakini nilimtambua Mfaume.

Alianza kujitetea. Alisema saa yake imegeuka njano ghafla, lifti imemkataa yeye na wenzake wote, na yeye hajafanya kosa lolote. Nilimwambia hana kosa. Nikamwambia afunue shati, aushike mpira ulio kwenye kifuko, aukate.

Kisha akaniuliza kwa adabu kama inaweza kusubiri. Alikuwa na udhu tangu kabla hajashuka, alitunza udhu ule kwa shida, adhuhuri ilikuwa bado hajaiswali, na kanzu ilikuwa kwenye kabati la juu. Atapanda, ataswali, halafu ataufungua.

Nilimwambia akipanda hivyo atakufa. Nadhani alinisikia, lakini tabibu ni mtu wa kutisha watu; nimewatisha kuhusu sigara, nimewatisha kuhusu chumvi, na wote wanaendelea kuishi. Nikasikia anashusha pumzi kama mtu anayevumilia maneno ya mgeni. Nilitaka kupiga kelele. Mama Zaina alinyoosha mkono, akanichukulia simu bila kuomba.

"Baba Zaina," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Mgonjwa anaswali alivyo. Unalijua hilo, na mimi nalijua. Kifuko nilikifunga kwa ajili ya macho ya watu, Mungu hakunituma. Fungua."

Tulisubiri. Kisha kwenye simu tukasikia mlio mwembamba, mrefu, wa hewa inayotoka mahali palipokuwa pamebanwa. Uliendelea kwa muda ambao sikuutarajia. Mama Zaina alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu.

"Kumbe nilikuwa nimejaa," Mfaume alisema, kwa mshangao, kama mtu aliyepima uzito.

Nilimwagiza awafunue mashati wenzake mmoja mmoja. Walikuwa ishirini na sita pale langoni. Kumi na mmoja walikuwa na vifuko. Kumi na mmoja, wote kijani, wote tayari kwa lifti, na ile mipira ilitoka kwenye pipa langu la taka. Nilihesabu naye mpaka wa mwisho alipofungua. Ngaiza aliwapandisha kwa mkono, kwa saini yake, na ilimchukua robo saa kutafuta kalamu. Saa tisa na dakika tano lifti ilifunguka. Mfaume alitoka akitembea, shati limelowa ubavuni, na mkewe akamfunika kwa mtandio wake mbele ya watu wote bila kujali.

* * *

Saa kumi Ngaiza alikuja mwenyewe zahanati, akabisha hodi, akaketi, akaweka karatasi mezani. Kampuni ilikuwa imeshaandika taarifa. Ilikuwa fupi na yenye lugha nzuri. Ilisema hitilafu ya leo ilitokana na matumizi mabaya ya kifaa yaliyofanywa na familia za wafanyakazi, hususan wake zao, kinyume cha maelekezo ya tabibu. Chini palikuwa na nafasi ya saini yangu. Ngaiza alisema nikisaini, kusimamisha Kanuni kutahesabiwa kuwa tahadhari ya muda, Kanuni itarudi kesho, na sanduku la Jumamosi litakuja kama lilivyopangwa. Alimtazama Likunja alipotaja sanduku. Hakufanya hivyo kwa ubaya, nadhani, na kwa sababu hiyo nilizidi kuwaka.

Nilimwomba dakika moja. Nilitaka kuona majina ya kijani zote za asubuhi, ili nijue ni wangapi wa kuitwa na kufunuliwa mashati. Nikaifungua orodha, nikaanza juu. Jina la tatu lilikuwa Bakari Chilemba. Kijani. Fiti kwa kazi. Siku kumi na tisa bila hewa kuvuja hata kidogo, rekodi bora kuliko ya mtu yeyote pale Namtutu.

Bakari Chilemba tulimzika siku kumi na tisa zilizopita. Alikufa ndani ya lifti, kituo cha nne. Cheti nilikiandika mimi: moyo ulisimama. Kilango chake nilikichomoa mwenyewe, nikakiosha, nikakitia kwenye droo. Niliivuta droo. Kilikuwa humo, kati ya pamba na mkasi, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Mfumo ulikuwa umemwita zamuni kila siku tangu azikwe, na kila siku ulimwandikia utoro.

Nilikichukua nikakiweka juu ya ile karatasi, mbele ya Ngaiza. Nikamwambia huyu hapa ndiye mzima wenu. Aliitazama ile taa muda mrefu. Nikaigeuza karatasi, nyuma kulikuwa kweupe. Nikaandika jina la Bakari, tarehe, na kwamba cheti nilichosaini si cha kweli. Nikaandika maneno ya kipeperushi, na kwamba ni yangu. Nikasaini hapo, nikampa. Alisema taratibu kwamba hii itaniondolea leseni. Nilimwambia aende nayo kabla sijaandika na ukurasa wa pili.

Likunja alikuwa amegeukia ukutani. Mapovu yaliendelea kwenye chupa. Kilango chake hakingekuja Jumamosi.

* * *

Bi Hawa, mjane wa Bakari, alikuwa bado kwenye eda. Alinipokea chumbani, amevaa nguo nyeupe, akanikaribisha kwenye mkeka, akauliza habari za kazi. Nilimwuliza kama marehemu alikuwa na kifuko.

Aliinuka, akafungua sanduku la nguo, akaniletea. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi. Kilikunjwa mara nne, na ule mpira wa glavu ulizungushwa juu yake, mara tatu, kisije kikakunjuka. Kanga yake ilikuwa ya maua ya zambarau.

"Alikwenda nacho msikitini Ijumaa tatu," alisema. "Siku ile wenzake walikivua kabla hawajamleta kwako, wakaniletea mimi. Hakikuvuja hata tone, dokta. Alikufa msafi."

Kama ningenyamaza angebaki na kitu hicho kimoja cha kumfariji maisha yake yote. Na kama ningenyamaza, karatasi ya Ngaiza ingemfikia siku moja kwa mdomo wa mtu mwingine, ikisema kosa ni la wake zao. Nikamwambia. Nilianzia kwenye kipeperushi, nikamwambia nani alikiandika, nikaja kwenye taa, kwenye lifti, kwenye cheti. Sikulia. Hasira ilinizidi, nisingeweza kulia mbele ya mtu mwenye haki ya kulia kunizidi.

"Kwa hiyo ni fundo langu," alisema.

"Ulifanya nilichokuambia ufanye," nilimjibu. "Neno lilikuwa langu. Nimeliandika na kulisaini leo, na wakikuita popote, nitakwenda mbele yako."

Alikichukua kifuko mkononi mwangu, akakiweka mapajani, akaanza kuutoa ule mpira. Ulikuwa umegandamana na kitambaa kwa joto la pasi, na ilimchukua muda.